Kreti kwenye pikipiki, leseni ukutani

Kreti ya bia hufungwa kwenye pikipiki kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mpira mmoja hupita chini ya siti, mwingine juu ya shingo za chupa, na wajuzi wa kazi hiyo mjini Moshi hupachika kipande cha boksi katikati ili chupa zisigongane kwenye mashimo. Kabla ya kuondoka dereva huambiwa jambo moja: hakikisha umerudi na tupu. Chupa za bia hurudi kiwandani, na mteja asiye na chupa tupu za kubadilisha hutozwa gharama yake juu ya bei ya kinywaji. Pesa yenyewe imeshaingia kwa simu. Dereva atapanda Uru au Kibosho, atapiga honi getini, atapokea kreti ya tupu, atashuka.

Katika mlolongo wote huo kila mtu ameulizwa kuhusu chupa. Hakuna aliyeulizwa umri wa atakayefungua geti, wala kama saa za kuuza pombe zimepita, wala kama aliyepokea oda kwa WhatsApp ana leseni ya kuuza hata soda. Huduma hii imeota taratibu. "Mangi, nitumie mbili za Kili na Konyagi ndogo" ni ujumbe wa kawaida siku hizi kuanzia Soweto hadi Shanty Town, na wanaoutuma hawajioni kama watu wanaofanya jambo lenye sheria ndani yake. Sheria ipo, ila iliandikwa kwa ajili ya jengo.

Sheria ya Vileo, Sura ya 77, ni ya mwaka 1968. Inamtaka kila anayeuza pombe, ya kiwandani au ya kienyeji, awe na leseni, na inaweka mamlaka ya kutoa leseni hizo katika ngazi ya wilaya na miji. Leseni zenyewe zina aina zake: ya kuuza kwa kunywea hapo hapo, ya kuuza kwa kuondoka nayo, ya jumla, ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya muda kwa ajili ya shughuli maalumu, na zile za pombe za kienyeji. Kwa utaratibu wake leseni imekuwa ikienda kwa vipindi vya miezi sita, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi, ndiyo maana wenye baa hawachoki kulalamika kwamba wanamaliza foleni moja na kuanza nyingine. Siku hizi maombi yamehamia kwenye mfumo wa TAUSI wa serikali za mitaa, lakini hoja zinazoulizwa hazijabadilika sana: jengo liko wapi, choo kikoje, afisa afya amelikagua, majirani ni akina nani.

Soma orodha hiyo ya leseni tena. Kila moja inajibu swali la mahali. Mnywaji ananywea wapi, chupa inatokea wapi. Hata saa za kuuza zimefungwa kwenye mlango wa baa: unafunguliwa lini, unafungwa lini. Kila baada ya muda mkuu wa wilaya fulani nchini husimama na kukumbusha kwamba baa hazipaswi kufunguliwa asubuhi wakati watu wako kazini; polisi hupita, watu hutawanyika, wiki mbili baadaye viti vya plastiki vinarudi barazani. Ni rahisi kuona mlango uliofunguliwa nje ya saa zake. Pikipiki yenye boksi lililofunikwa kwa turubai haina mlango.

Basi tuulize kama mwanasheria angeuliza: pombe ikiagizwa kwa simu, imeuzwa wapi? Swali linaonekana la darasani, ila jibu lake linaamua nani mwenye kosa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo tuliirithi kutoka Uingereza, ina kanuni ya zamani kwamba muuzaji akishamkabidhi mchukuzi mzigo ili aupeleke kwa mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa ujumbe wa kielektroniki. Ukiziweka pamoja, grosari ya Majengo yenye leseni ya kuuza kwa kuondoka nayo ina utetezi mzuri: bia ilitengwa dukani, ililipiwa ikiwa dukani, dereva ni mjumbe wa mteja tu. Mauzo yamefanyika ndani ya jengo lenye leseni. Sioni kwa nini hoja hiyo isisimame.

Mambo yanaharibika hatua moja mbele. Kuna grosari zenye leseni ya kunywea hapo hapo pekee, ambazo usiku zinapeleka kreti majumbani kana kwamba ubao wa ukutani unasema vingine. Halafu kuna muuzaji asiye na duka kabisa. Ana simu, ana picha za chupa kwenye "status", na ana urafiki na wenye maghala. Oda ikiingia ananunua kwa bei ya jumla, anaongeza chake, anatuma. Huyu si mjumbe wa mteja. Anauza, na anauza bila leseni, kosa lile lile ambalo lingemkuta akipanga chupa barabarani. Tofauti ni kwamba aliyepanga chupa barabarani angekamatwa kabla ya saa sita mchana.

Wenye baa wanaolipa ada, wanaokaguliwa vyoo na wanaofungiwa muziki wana haki ya kununa. Nimewasikia wakinuna. Ila wengi wao wana kijana wa pikipiki wa kudumu anayekaa nje ya baa yao hiyo hiyo.

Watu wa nje wanaweza kudhani kupeleka pombe nyumbani ni ujio wa simu janja. Mlimani Kilimanjaro ni desturi kongwe kuliko leseni yenyewe. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haijawahi kukaa mahali pamoja. Hupelekwa ukweni wakati wa posa, hupelekwa kwa baba mkubwa anayetakiwa kusamehe, hupelekwa kwenye kikao cha ukoo, msibani, na kwenye kuchinja. Mtu aliyemkosea mwenzake haendi mikono mitupu. Kwa Mchaga, pombe iliyobaki kwa mpishi wake haijafanya kazi iliyopikiwa.

Nayo ni mzigo wenye tabia zake. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu hadi zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa, huchipuzwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Uchungu hutoka kwenye gome la msesewa. Maji ya ndizi yakishakamuliwa na kuchanganywa na uji ule, kesho yake mbege inanyweka. Keshokutwa imekuwa kali. Baada ya hapo ni ya wazee wenye matumbo magumu. Haina tarehe ya kuisha iliyochapwa popote. Inaendelea kuchachuka ikiwa ndani ya dumu, inatoa hewa, na ndiyo sababu dereva anayebeba mbege kutoka Kibosho kushuka mjini hakazi kifuniko cha dumu. Asiyejua atakaza, na atafika harusini amelowa mgongo mzima.

Mbege ya kupeleka ukweni haiuzwi, kwa hiyo sheria ya leseni haina neno nayo. Lakini leo nani anapika mwenyewe? Familia zinazorudi Desemba kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma zinaagiza kwa mama anayepika, zinalipa kwa simu, na madumu yanapandishwa kwenye Noah au pikipiki mpaka uwanjani. Hapo mbege imekuwa bidhaa, na mpishi wake amekuwa mfanyabiashara wa pombe ya kienyeji anayepaswa kuwa na kibali chake, apikie mahali panapojulikana na kukaguliwa. Kwa vilabu vya mbege vyenye mabenchi na mwenyekiti wa kijiji anayevijua, hilo linawezekana. Kwa mama anayepika jikoni kwake mapipa mawili ya harusi ya watu wasiomfahamu, waliompata kwa namba waliyopewa na shemeji, karatasi hizo hazimfikii wala yeye hazifikii.

Desturi ilikuwa na ukaguzi wake. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kata izunguke kwa kufuata umri. Aliyeleta anasimama karibu na alicholeta. Pombe ya kuagizwa kwa simu imemwondoa mtu huyo. Kwa vinywaji vya kiwandani angalau ipo stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kubandikwa kwenye bia, mvinyo na pombe kali mwaka 2019, na mnunuzi mwenye simu janja anaweza kuihakiki mwenyewe kwa programu ya Hakiki Stempu. Ninawashauri wanaoagiza pombe kali usiku waizoee. Dumu halina stempu.

Na dumu ndilo linalomtia dereva hatarini kuliko kreti. Mwaka 1966, miaka miwili kabla ya Sheria ya Vileo, Bunge lilitunga sheria nyingine, Na. 62 ya mwaka huo, juu ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Wenyeji wa mji wetu wasiogope, haihusu mji, inahusu gongo. Katika sheria hiyo kosa si kukeneka wala kuuza peke yake. Kukutwa nayo ni kosa. Kesi za "kupatikana na pombe ya moshi" zimejaa katika mahakama za mwanzo na za wilaya nchini kote, na washtakiwa wengi ni watu waliokutwa na lita chache tu.

Linganisha basi. Kijana aliyebeba kreti ya bia kumpelekea mtoto wa miaka 15 ambaye wazazi wake wamesafiri, Sheria ya Vileo haimtazami vizuri: haijui ni nani, haimwiti muuzaji, haimpi wajibu. Kijana huyo huyo akibeba dumu aliloambiwa ni mbege, kumbe ndani kuna kilichotoka kwenye mtambo wa kando ya mto, anakuwa mshtakiwa nambari moja, na aliyetuma amezima simu. Madereva wenyewe wanalijua hili kuliko sisi waandishi. Wengine hufungua kifuniko na kunusa kabla ya kuondoka. Hawajafundishwa na mtu. Wamejifunza kwa yaliyowapata wenzao.

Kuhusu watoto, tusiseme nchi haina sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Inawataka pia wenye baa na kumbi za usiku wasiwaruhusu watoto kuingia. Mwenye baa akitii, mtoto anabaki nje. Lakini pombe ikitoka nje kumfuata mtoto, anayekutana naye uso kwa uso ni dereva, mtu ambaye yeye mwenyewe mara nyingi ana miaka 20 hivi, anadaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki, na analipwa kwa kufikisha mzigo. Akirudi na kreti iliyojaa kwa sababu aliyefungua geti alionekana mdogo, nauli ya kwenda na kurudi nani atamlipa? Hapa ndipo naona kiini cha suala zima. Kwa vitendo, kazi ya kumkataa mnunuzi imemwangukia mtu ambaye kila shilingi yake inamsukuma amkubali.

Uingereza walikumbana na swali hili mapema kidogo, na ni haki tuwaangalie hao waliotuachia sheria zao. Sheria yao ya leseni ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba oda ikipokelewa mahali pamoja na pombe ikatengwa mahali pengine, mauzo yanahesabiwa yamefanyika pale pombe ilipotengwa, yaani ghala ndilo linalohitaji leseni. Kisha ikaongeza kosa la kumkabidhi mtoto pombe iliyouzwa kwa oda, mbali na kosa la kumuuzia. Ni vifungu viwili tu, lakini vimemtambua mtu wa katikati. Sisi tumebaki na kanuni ya mchukuzi ya karne ya 19, iliyotungwa wakati mizigo ikienda kwa meli na mikokoteni.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Holili wamekwenda njia nyingine. Mwaka 2020, wakati Tanzania haikufunga baa, Kenya ilizifunga tangu Machi hadi mwishoni mwa Septemba kwa sababu ya korona, na pikipiki za Nairobi zikageuka kaunta zinazotembea. Tabia hiyo haikurudi nyuma baa zilipofunguliwa. Ndipo tarehe 30 Julai 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, akazindua sera mpya ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya iliyoandaliwa pamoja na mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana nazo, NACADA, ikipendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na mauzo ya pombe mtandaoni na kupelekwa majumbani yapigwe marufuku. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba wakubwa walilazimika kueleza kuwa sera bado si sheria.

Kuna watu Moshi waliofurahia habari ile na kutamani tuige. Mimi simo. Marufuku ya kupeleka pombe nyumbani ingempiga kwanza mwenye grosari mwenye leseni, ambaye ana jina, jengo na namba ya mlipakodi, na ingemwachia soko yule wa "status" ambaye hana cha kunyang'anywa. Zaidi ya hapo, mtu mzima aliyekunywa bia zake mbili kisha akaagiza ya tatu iletwe kwa pikipiki, badala ya kuwasha gari na kushuka nayo kona za Kibosho gizani, amefanya jambo la busara. Wauguzi na madaktari wa KCMC wanaopokea majeruhi wa barabarani wanaijua harufu ya pombe vizuri mno. Hospitali hiyo imefikia hatua ya kuandaa huduma fupi ya ushauri kwa majeruhi wanaokunywa, waliyoipa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kiwango cha kisheria cha pombe kwenye damu ya dereva ni miligramu 80 kwa mililita 100, lakini kipimo cha polisi hakipo kila kona, na mteremko upo.

Marufuku tumeshaionja hapa, nayo ilikuwa na sababu zake. Tarehe 16 Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani, alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo pombe kali za vifungashio vya plastiki, viroba, hazitaruhusiwa tena. Viroba vilikuwa vimeingia kwenye mifuko ya wanafunzi na ya madereva wa bodaboda, na mtu yeyote aliyepita stendi za Kilimanjaro miaka ile anakumbuka vikaratasi vyake vilivyotapakaa chini. Ilifanya kazi kwa kuwa kiroba ni kitu kinachoshikika: ukifunga mashine za viwandani, kinatoweka madukani. Lakini angalia kanuni zilizotumika zilitoka wapi. Zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kama suala la plastiki. Serikali ilipotaka kuwalinda vijana dhidi ya pombe ya bei chee, Sheria ya Vileo ya 1968 haikuwa silaha iliyo karibu. Huduma ya kupeleka haina plastiki ya kupigwa marufuku.

Ugumu mwingine wa Moshi ni mipaka. Mji uko chini ya Manispaa ya Moshi. Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu ziko Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Machame ni Hai. Mkuu na Tarakea ni Rombo. Pikipiki iliyotoka Majengo inavuka mpaka wa mamlaka moja kwenda nyingine kabla kreti haijaanza kulegea. Leseni imetolewa upande huu, mnywaji yuko upande ule, na mtendaji wa kijiji cha juu akilalamika kwamba vijana wake wanaletewa pombe kali usiku, afisa biashara wake hana mtu wa kumwita.

Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na hizi za Kilimanjaro zimewahi kutunga za kila aina, kuanzia ushuru wa ndizi hadi utunzaji wa mifereji. Hazihitaji kungoja Dodoma iiandike upya Sheria ya Vileo ili kuanza na machache. Fomu ya leseni ya kuuza kwa kuondoka nayo iwe na sehemu ya muombaji kutamka kwamba atapeleka nje na kutaja pikipiki zake. Mzigo utoke na risiti yenye jina la duka na saa ya kuuza, ili aliyekutwa nao saa nane usiku awe na la kueleza. Mpokeaji aonyeshe kitambulisho cha NIDA getini, na akikosa, kreti irudi kwa nauli ya duka, si ya dereva. Hilo la nauli ndilo la kwanza ningelipigania kwenye baraza la madiwani, kwa sababu bila hilo mengine yote yatabaki karatasi.

Kwa mama wa mbege ningependekeza kitu chepesi zaidi: kibali cha kijiji cha shughuli moja moja, kwa ada anayoweza kuilipa kwa faida ya dumu moja, kikiwa na jina lake na siku aliyochanganya. Dereva akisimamishwa Kiboriloni na madumu manne nyuma, awe na karatasi ya kuonyesha kabla mtu hajaanza kunusa.

Maombi ya kipindi cha Oktoba hadi Machi ndiyo yanayobeba Krismasi na mwaka mpya, mlima unapojaa watu kutoka kila pembe ya nchi na pikipiki hazilali. Madiwani wa Manispaa na wa Wilaya wakikaa meza moja kabla ya kipindi hicho, wakakubaliana fomu moja inayosomeka pande zote mbili za mpaka, afisa biashara wa Uru atakuwa na namba ya kupiga Majengo.